Taa za Gari la Rimoti: Kwanza Tujue Umeme Unatoka Wapi

Maswali ya Wasomaji: Ufundi wa Nyumbani

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka Wete, Mji Mkongwe na Chake Chake, na zote zinahusu kutia taa zinazowaka katika gari la rimoti. Ya Wete ni ndefu kuliko wenzake na imeeleza makosa yake kwa uwazi unaofaa kushukuriwa, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete. Mpwa wangu wa miaka 13 ana gari la rimoti la kipimo cha moja kwa kumi, lenye betri ya volti 7.2 ya seli sita. Amelivua bodi lake la plastiki na kulijengea bodi la mbao kwa mikono yake, ubavu wazi, mabenchi yanatazamana, paa juu, mfano wa zile gari za abiria tulizozoea kupanda kwenda Chake, na mbele ameliandika 606, namba ya njia hiyo. Sasa anataka liwe na taa za mbele, za nyuma, za breki na indiketa. Tulichukua taa mbili nyeupe za LED kutoka tochi mbovu tukaziunga moja kwa moja na betri. Ziliwaka kwa mwanga mkali, zikatoa harufu, zikafa hapo hapo, ingawa ndani ya ile tochi hatukuona kitu chochote zaidi ya betri na swichi. Kisha fundi mmoja jirani akatupa globu mbili za taa ya nyuma ya Vespa ya zamani, za volti 6 na wati 5 kila moja, tukaziunga kwenye tundu tupu la kipokezi, kile kisanduku cha ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti. Ziliwaka vizuri, lakini kila gari likikata kona magurudumu ya mbele yanatetemeka, na mara moja gari lilikwenda lenyewe mpaka likagonga ukuta. Je, kipokezi kimeharibika? Na taa ya breki itajuaje kwamba gari limefunga breki, ikiwa hatuna uwezo wa kununua kadi ya taa ya bei kubwa, yaani ile saketi inayoziendesha taa za gari la rimoti?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kipokezi chenu, kwa dalili ulizozieleza, ni kizima, na majaribio yote mawili yameharibiwa na jambo moja, nalo ni kuanza na taa kabla ya kujua umeme wake unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Mtu akilijua hilo, kazi iliyobaki ni ya waya, risasi ya kuungia waya na subira, na kijana aliyeweza kujenga bodi la mbao lenye mabenchi hana upungufu wa subira.

Katika gari la aina hii umeme unapita njia mbili. Njia ya kwanza inatoka kwenye betri na kwenda kwenye mota kubwa ya magurudumu kupitia kidhibiti mwendo. Njia ya pili imo ndani ya kidhibiti mwendo hicho hicho: ni sakiti ndogo inayoteremsha volti za betri zifike 5 au 6, kisha ikazipeleka kwenye kipokezi na kwenye mota ndogo ya usukani kwa ule waya wa nyuzi tatu. Volti hizo 5 au 6 hazitikisiki betri inapojaa wala inapopungua, na ndiyo maana ni mahali pazuri pa kuchukulia umeme wa taa. Lakini uwezo wake una mpaka. Katika vidhibiti vingi vya kawaida ni ampea 1 hadi 3, na sehemu ya uwezo huo ni haki ya usukani.

Sasa zitazame zile globu za Vespa kwa hesabu. Wati 5 ukizigawa kwa volti 6 unapata ampea 0.83; globu mbili zinafika karibu ampea 1.7. Tena hiyo ni hesabu ya globu iliyokwisha kupata moto, kwa sababu uzi wa globu ukiwa baridi hupitisha umeme mara nyingi zaidi kwa muda mfupi wa mwanzo. Mota ya usukani nayo, inapolazimisha magurudumu kugeuka juu ya ardhi, inaweza kutaka ampea nzima au zaidi. Viwili hivyo vikidai kwa pamoja volti zinaanguka, kipokezi kinazimika kwa nukta moja na kuwaka tena, na katika nukta hiyo hakuna anayeliongoza gari. Mtetemeko mliouona kwenye kona ndio huo, na ukuta mliougonga umetokana na huo. Ziondoeni globu hizo, mrejesheni fundi jirani amana yake kwa shukrani, na usukani utatulia.

Taa za LED zilikufa kwa sababu tofauti. Globu ya uzi hujizuia yenyewe, kwani uzi ukipata moto unapunguza umeme unaopita. Taa ya LED haina tabia hiyo. Chini ya kiwango chake cha volti haiwaki. Ikikivuka kiwango hicho kidogo tu, umeme unaopita ndani yake unapanda kwa kasi kubwa, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi kupitisha. Nyeupe na buluu huhitaji takriban volti 3.0 hadi 3.4, nyekundu na ya njano huhitaji takriban 2, na taa ndogo za milimita 3 au 5 hazitakiwi kupitisha zaidi ya miliampea 20. Betri yenu imeandikwa volti 7.2, lakini ikitoka kwenye chaji inakaribia 8.4. Hapakuwa na njia ya taa hizo kusalimika. Kuhusu tochi, nyingi za bei nafuu huachiwa bila ya rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme usipite mwingi, kwa sababu betri zake ni ndogo na dhaifu kiasi kwamba udhaifu wenyewe ndio unaozuia umeme. Betri ya gari la rimoti si dhaifu hata kidogo. Shoti ikitokea inaweza kutoa makumi ya ampea na kuyeyusha waya mkononi mwa mtoto, na kwa hiyo nakuomba usiruhusu waya wowote wa taa uungwe moja kwa moja na betri kubwa pasipo fyuzi ya ampea 1.

Kinachotakiwa ni rezista, na hesabu yake ni ya darasa la sita. Chukua volti za chanzo, ondoa volti za taa, kisha kilichobaki kigawe kwa umeme unaoutaka kwa ampea. Jibu ni omu, kipimo cha rezista. Mathalani tundu la kipokezi chenu likitoa volti 6 na taa ni nyeupe ya volti 3.2, zinabaki volti 2.8, ukitaka miliampea 15, yaani ampea 0.015, jibu linakuwa omu 187. Rezista ya 187 hutaipata kirahisi, basi panda hadi ya juu yake iliyo ya kawaida, 220, ambayo ina mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Umeme utakuwa karibu miliampea 13, na jicho halitaona upungufu wowote. Kwa taa nyekundu kwenye volti hizo hizo tumia 390 au 470. Ikiwa kidhibiti chenu kinatoa volti 5, rezista ya 120 inatosha kwa nyeupe na ya 330 kwa nyekundu. Pimeni kwa mita kabla ya kununua chochote, kwa sababu tofauti ya volti 5 na 6 inaonekana ndogo lakini kwa taa nyeupe ni tofauti ya zaidi ya nusu ya umeme wote. Rezista za robo wati zinatosha kabisa. Fundi redio yeyote anazo, na redio iliyokufa inazo kwa makumi.

Kila taa iwe na rezista yake. Najua ushawishi wa kuziunga taa nne sambamba na kuzipa rezista moja kubwa, lakini taa mbili za mfuko mmoja hazilingani sawasawa, na ile yenye kiwango cha chini kidogo itajichukulia umeme wa wenzake mpaka iungue, kisha ifuate ya pili. Nyekundu mbili mnaweza kuzipanga mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine, kwa rezista moja, kwani 2 na 2 ni 4 na chanzo ni 6. Nyeupe mbili mfululizo hazitawaka vizuri, maana zinataka zaidi ya volti 6. Mguu mrefu wa taa ni chanya. Miguu ikiwa imekwisha kukatwa, tazama ukingo wa taa, upande uliobapa ndio hasi.

Chukueni plagi ya nyuzi tatu ya mota ya usukani iliyokufa na muiingize kwenye tundu tupu la kipokezi. Waya mwekundu wa katikati ni chanya, mweusi au wa kahawia ni hasi, na wa tatu, ambao huwa mweupe, wa njano au wa machungwa, ni wa amri. Huo ukateni na kuufunika, kwa taa za kawaida hauna kazi. Baina ya plagi na taa wekeni swichi ndogo chini ya bodi. Taa nane za LED zikiwaka pamoja kwa miliampea 12 au 13 zinatumia takriban ampea 0.1 tu, ambayo kipokezi hakitaihisi. Betri ya miliampea-saa 3000 ingemalizwa na zile globu mbili za Vespa kwa muda usiofika saa mbili hata gari likiwa limesimama, ilhali taa nane za LED zikiwashwa saa nzima zinakula sehemu moja tu ya thelathini ya betri hiyo.

Nije kwenye breki, kwa sababu hapa ndipo swali lako lina uzito. Watu wengi hudhani kwamba taa ya breki inaweza kuchukua habari zake kwenye nyaya za mota kubwa. Haiwezekani. Kidhibiti mwendo kinapofunga breki huziunganisha nyaya mbili za mota zenyewe kwa zenyewe, na mota inajizuia kwa umeme inaouzalisha. Hakuna volti mpya ya kuwasha taa. Habari ya breki ipo mahali pamoja tu, katika ule waya wa amri unaotoka kwenye kipokezi. Kwa kawaida waya huo hupeleka mipigo kiasi cha 50 kwa sekunde, na urefu wa mpigo ndio amri yenyewe: milisekunde 1.5 ni kusimama, kuelekea 1 ni upande mmoja na kuelekea 2 ni upande wa pili. Kadi za taa za bei kubwa hazina siri nyingine zaidi ya kuupima mpigo huo.

Kwa asiye na kadi, ipo njia ya mafundi wa zamani ambayo mimi naipenda kwa sababu mtoto anaiona inavyofanya kazi. Tafuteni mota ndogo ya usukani ya gramu 9, ile inayotumika kwenye vindege vidogo, na waya wa mgawanyo wenye umbo la Y. Kwenye tundu la mwendo la kipokezi ingizeni waya huo, tawi moja liende kwa kidhibiti mwendo kama kawaida, tawi la pili liende kwa mota ndogo. Sasa kila kijana anapobonyeza mwendo, mkono wa mota ndogo unageuka upande mmoja. Anaposukuma breki, unageuka upande wa pili. Mbele ya mkono huo, kwa upande wa breki, gandisheni swichi ndogo iliyotolewa katika kipanya kibovu cha kompyuta, ile inayolia tiki chini ya kidole. Mkono ukiibonyeza, taa nyekundu zinawaka. Swichi hiyo ina miguu mitatu. Tumieni mita mjue miwili ipi huungana inapobonyezwa.

Taa zile zile nyekundu zinaweza kuwa za nyuma na za breki pamoja, kama ilivyo katika magari mengi ya barabarani. Kila taa ipewe njia mbili za umeme: ya kwanza kupitia rezista ya omu 1000, inayowaka daima kwa miliampea 4 na kutoa mwanga hafifu, ya pili kupitia rezista ya 390 na ile swichi ya kipanya. Breki ikifungwa njia zote mbili zinalisha taa, na mwanga unaruka ghafla kwa namna ambayo hata mtu aliye upande wa pili wa uwanja ataiona. Taa mbili zilizo tayari mfululizo hazifai kwa mpango huu wa rezista hizo. Kila moja ijitegemee.

Njia hii ina kasoro ambayo nisingependa mpwa wako aigundue peke yake akadhani amekosea. Rimoti ya gari hutumia upande ule ule kwa breki na kwa rivasi, kwa hiyo taa za breki zitawaka pia gari linaporudi nyuma. Mkiitaka taa nyeupe ya rivasi, hiyo ndiyo inaweza kuchukua habari kwenye mota kubwa, kwa kuwa gari likirudi nyuma chanya na hasi za mota hubadilishana. Unganisheni taa moja nyeupe, rezista ya omu 470 na dayodi ya 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mfululizo, kisha muiweke baina ya nyaya mbili za mota. Ikiwaka wakati wa kwenda mbele, igeuzeni taa pamoja na dayodi yake. Dayodi isiachwe, maana taa ya LED haivumilii zaidi ya volti 5 hivi kwa kinyume, na mota hutoa mishtuko mikubwa kuliko hiyo. Jambo hili linafaa kwa mota ya nyaya mbili tu. Mota zisizo na brashi zina nyaya tatu na haziendeshwi kwa mtindo huo. Siku kijana atakapojifunza kuandika programu, kidude cha ATtiny85, kikompyuta chenye miguu minane, kitaweza kuupima mpigo na kutenganisha breki na rivasi, na itakuwa kazi nzuri ya likizo.

Indiketa zinahitaji kitu cha kupepesa. Saketi ndogo ya 555 ndiyo rahisi, nayo hufanya kazi kuanzia volti 4.5. Ukiipa rezista ya kilo-omu 10 baina ya chanya na mguu wa 7, ya kilo-omu 47 baina ya mguu wa 7 na wa 6, mguu wa 6 na wa 2 ukiunganishwa pamoja, na kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka hapo kwenda hasi, itapepesa kiasi cha mara 83 kwa dakika. Magari ya kweli hutakiwa kupepesa kati ya mara 60 na 120, kwa hiyo 606 yenu itakuwa ndani ya kanuni. Mguu wa 1 ni hasi, wa 8 na wa 4 ni chanya, na taa zinalishwa na mguu wa 3, ambao chini ya volti 6 hutoa kama 4.5 tu, hivyo rezista ya 220 inatosha kwa kila taa ya njano. Kutoka mguu huo waya uende kwenye swichi mbili za kipanya zilizowekwa kushoto na kulia ya mkono wa usukani, na kila upande utapepesa magurudumu yanapogeukia huko. Dereva wa kweli huwasha indiketa kabla ya kukata kona, naam, lakini kwa gari la rimoti huu ni mwanzo wa kutosha.

Neno moja kuhusu bodi. Taa kubwa za mviringo za malori ya zamani zilikuwa na kipenyo cha inchi 7, yaani milimita 178, kwa hiyo katika kipimo cha moja kwa kumi ni milimita 18. Taa ya LED ya milimita 5 peke yake itaonekana kama tundu la sindano katika uso wa gari kubwa. Tafuteni kifuniko kidogo cha mviringo kinachokaribia kipimo hicho, kama cha dawa ya meno, kivisheni ndani karatasi ya foili inayong'aa, mpitishe taa katikati, na kichwa cha taa mkipige msasa laini ili mwanga usambae. Kwa kuwa kwetu tunaendesha kushoto, taa za mbele ziinamisheni kidogo chini na kuzielekeza kushoto, zisimchome macho anayekuja. Nyaya ziwe za nyuzi nyingi, kama zile bapa za ndani ya kompyuta ya zamani. Waya wa uzi mmoja wa simu au wa mtandao hukatika upesi kwa mtikisiko. Na pale bodi linapoachana na chasisi wekeni plagi, la sivyo kila betri inapobadilishwa waya mmoja utang'oka.

SWALI: Mimi ni mzazi, Mji Mkongwe. Gari la rimoti la wanangu tulilitia taa mwaka jana, na huchezewa ufukweni maji yakitoka. Taa zilianza kufifia moja moja, na nilipofungua nikakuta nyaya zimekuwa kijani na nyingine zimelika kabisa, ingawa viungo vyote nilivifunika kwa silikoni ya kuzibia masinki. Nimekosea wapi?

JIBU: Mmekosea katika silikoni yenyewe, na ni kosa ambalo mtu mwangalifu ndiye hulifanya. Silikoni ya masinki inayonuka siki inapokauka hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo inakula shaba. Umefunga adui ndani ya nyumba. Ipo silikoni isiyonuka siki, iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya umeme. Kama huipati, tumia mpira wa kusinyaa kwa joto juu ya kila kiungo, na kwenye ncha zake upake rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili.

Sababu ya pili ni chumvi pamoja na umeme. Waya wa shaba ukilowa maji ya bahari hubadilika polepole, lakini ukilowa huku umeme wa betri ukipita, upande wa chanya huyeyuka kwa kasi kubwa zaidi. Tazama tena utaona nyaya zilizolika kabisa ni nyekundu. Kwa hiyo gari likitoka ufukweni betri ichomolewe kwanza, hata kabla ya kufuta mchanga, kisha taa na nyaya zipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya mfereji na kuachwa zikauke kivulini siku nzima. Plagi zipakwe mafuta kidogo ya vaselini. Sehemu ya shaba iliyo wazi, hata iwe fupi kama punje ya mchele, ipakwe risasi yote.

Uangalie pia risasi uliyotumia. Ile asidi ya mafundi bati hushika haraka na kupendeza macho, lakini mabaki yake yanaendelea kula waya kwa miezi. Kwa kazi hii inafaa risasi nyembamba ya mafundi redio, ambayo ndani yake mna utomvu wa msonobari. Nyaya zilizokwisha kuwa kijani hazisafishiki vya kutosha, kwani kijani hutambaa ndani ya ganda la plastiki. Kata mpaka uikute shaba inayong'aa, na usipoikuta badilisha waya mzima.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Chake Chake. Gari langu ni dogo la kuchezea, linatumia betri mbili za AA. Nataka taa nyeupe za mbele lakini zinawaka kidogo sana, na baada ya siku mbili haziwaki kabisa. Gari linakwenda vizuri tu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Betri mbili za AA zikiwa mpya zinatoa volti 3 au zaidi kidogo, na taa nyeupe inataka karibu 3.2. Siku mbili baadaye betri zimeshuka hadi 2.6 au 2.5, mota inaweza kuzunguka kwa volti hizo, lakini taa nyeupe iko chini ya kiwango chake na haitawaka hata ukiiondolea rezista. Taa haina ubovu.

Unazo njia mbili. Unaweza kutafuta kisanduku cha betri tatu ndogo za AAA kwa ajili ya taa peke yake, kiwe na swichi yake. Hizo ni volti 4.5, na kila taa nyeupe uipe rezista ya omu 100. Kama gari lako ni dogo mno na kisanduku hakiingii, tumia taa za njano mbele, kwa rezista ya omu 100 kila moja, ukizichukulia umeme kwenye betri mbili zile zile. Zitawaka mpaka betri zikaribie kwisha. Asikuambie mtu kwamba njano mbele si sahihi: Ufaransa, mpaka kufika mwaka 1993, sheria iliyataka magari yawe na taa za mbele za njano. Ukizichagua, usiziunge kwenye nyaya za mota. Fuata nyaya za betri kutoka kwenye vibati vya sanduku lake na uziunge taa baada ya swichi ya gari, ili zizimike unapolizima.